Unahama mfumo wa kompyuta? Hamisha kazi kwanza, laptopu ije baadaye

Wengi wanaohama kutoka Windows kwenda Mac au Linux huanzia mwisho. Mtu anaiona laptopu nyembamba, nyepesi, inayokaa na chaji kutwa nzima, anainunua, halafu ndipo anaanza kuuliza kama programu zake zitakubali. Mimi nilipita njia hiyohiyo. Kumbukumbu zangu zote za wateja, za miaka sita, zilikuwa kwenye faili moja la Access, programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu, na Access haijawahi kutengenezwa kwa ajili ya macOS, mfumo wa Mac. Usiku wa kwanza, kompyuta mpya ikiwa mezani, nililibofya lile faili mara tatu, na mara zote tatu nikajibiwa kwamba hakuna programu ya kulifungulia. Miezi miwili iliyofuata nilikuwa natembea na laptopu mbili kwenye begi moja, ile nyepesi niliyoipenda na ile nzito iliyokuwa na namba za wateja.

Kwa sababu hiyo mpangilio wa mwongozo huu ni tofauti kidogo na uliouzoea. Tutaihamisha kazi kwanza, tukitumia kompyuta uliyo nayo sasa. Laptopu tutaifikia baadaye, na ukifika hapo utashangaa jinsi uchaguzi ulivyokwisha kupungua.

Hatua ya 1: Andika unachokifanya kwenye kompyuta kwa siku saba

Weka karatasi kando ya kompyuta. Kila unapofungua programu, andika jina lake. Kila unapochomeka kitu, kiandike pia: printa, skana, projekta, kadi ya kamera, ule ufunguo wa USB wa leseni unaokaa kwenye droo. Baada ya siku saba ongeza kazi ambazo hazikutokea wiki hiyo lakini huwa zinatokea, kama hesabu za mwisho wa mwezi, fomu za mwaka, au faili kubwa ambalo mteja mmoja hutuma kila msimu.

Sasa pitia orodha na jiulize kuhusu kila kitu: je, kipo kwenye mfumo ninaokwenda? Majibu huwa ya aina tatu.

Zipo programu zinazopatikana kote, Windows, macOS na Linux: Firefox, LibreOffice, VLC, GIMP, Inkscape, Blender, QGIS, Thunderbird. Hizi hazina shida kabisa. Zipo zinazopatikana upande mmoja au miwili tu. Programu za Adobe zipo Windows na Mac lakini hazipo Linux. Word na Excel za kusakinisha ziko hivyohivyo, na kwenye Linux utazitumia kupitia kivinjari tu. Power BI Desktop (ya ripoti na chati za data) na Access ni za Windows peke yake. Final Cut Pro (ya video) na Logic Pro (ya muziki) za kompyuta ni za Mac peke yake. Aina ya tatu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu jina ni lilelile lakini vilivyomo si sawa. Excel ya Mac ni Excel kweli, ila haina Power Pivot, zana ya kuchambua data nyingi, na makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) zinazotegemea vitu vya ndani vya Windows hugoma. Mtu akikwambia "mbona ipo", muulize kama amewahi kulifungua faili linalofanana na lako.

Ukikuta kitu kimoja tu kisichohama, na ndicho kinachokuletea riziki, simama hapo kwanza. Hiyo ni sababu ya kutosha kubaki ulipo, au kuhama kwa mpango wa kuiacha kompyuta ya zamani mezani kwa kazi hiyo moja. Usijifariji kwamba utaiendesha Windows ndani ya Mac kama watu walivyokuwa wakifanya zamani. Boot Camp, njia ya kuwasha Mac kwa Windows, ilikuwa ya Mac za Intel, na Mac zenye prosesa za Apple, kuanzia M1 ya Novemba 2020, hazina. Kuna programu za kuendesha Windows ya ARM (toleo la prosesa za aina hiyo) ndani ya dirisha, na kwa kazi nyepesi zinatosha, lakini usizijengee riziki yako kabla hujazijaribu.

Hatua ya 2: Anza kuishi kwenye mfumo mpya ukiwa bado kwenye kompyuta ya zamani

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na mimi naiona ndiyo yenye faida kuliko zote.

Anza na zile programu za kote. Kama unapanga kuacha Microsoft Office na kutumia LibreOffice, isakinishe leo, kwenye hiyohiyo Windows yako, uitumie mwezi mzima kwa kazi halisi. Fungua barua zako za zamani. Angalia kama majedwali yamekaa sawa na kama kurasa zimeongezeka. Mara nyingi kinachovuruga kurasa ni fonti: Calibri haipo kwenye Linux, hivyo maandishi huonyeshwa kwa fonti mbadala. Ukisakinisha fonti ya Carlito, ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na wa Calibri, mistari hurudi mahali pake. Jambo dogo kama hili, ukilikuta siku ya kukabidhi ripoti litakuharibia siku. Ukilikuta mwezi mmoja kabla, unalimaliza kwa dakika tano.

Hamisha barua pepe, kalenda na nywila zako kwenye huduma zinazofanya kazi kila mahali. Kama nywila umezihifadhi kwenye kivinjari cha mfumo mmoja tu, ziingize kwenye programu ya nywila inayopatikana pande zote, kisha ulifute lile faili la orodha ulilolitumia kuzihamishia, maana halina ulinzi wowote.

Anayekwenda Linux ana bahati ambayo wengine hawana: anaweza kuujaribu mfumo mzima bila kugusa diski yake. Pakua toleo mojawapo la Linux, kama Linux Mint, Ubuntu au Fedora, iandike kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, kisha uiwashe kompyuta kutokea kwenye flashi hiyo. Utafanya kazi polepole kidogo, lakini utaona kila kitu kama kilivyo. Anayekwenda Mac aazime ya rafiki au ya ofisini kwa Jumamosi moja. Asiitumie kutazama video. Aandike barua ya kurasa mbili. Hapo ndipo vidole husema ukweli: unataka kunakili, kidole kidogo kinakimbilia Ctrl, na hakuna kinachotokea, kwa sababu kwenye Mac kazi hiyo ni ya Command, na inabonyezwa kwa dole gumba. Kitufe cha Delete kinafuta kurudi nyuma. Kufuta kwenda mbele unashika fn pamoja nacho. Kwa wengi, usumbufu huu huisha ndani ya wiki mbili. Lakini kama kazi yako ni kuchapa siku nzima, ni vizuri ujue kabla kwamba wiki mbili hizo zinakuja, ili usizipangie kazi za haraka.

Hatua ya 3: Chagua familia ya mashine

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa hatua mbili za kwanza zimeshakuamulia mengi.

Unayekwenda Mac, usinunue yenye prosesa ya Intel, hata ikiwa safi namna gani. Juni 2025 Apple walitangaza kwamba macOS 26 ndiyo toleo la mwisho kwa Mac za Intel. Kwa mtu wa kubeba, MacBook Air inatosha kazi nyingi, na haina feni, hivyo haina kelele wala haivuti vumbi kupitia feni. Kasoro yake ni kwamba kazi nzito ya muda mrefu, kama kutengeneza video ya saa nzima, huipunguza kasi joto likipanda. Kama ndiyo kazi yako, nenda MacBook Pro na ukubali uzito.

Unayekwenda Linux, tafuta laptopu za biashara, hasa ThinkPad za Lenovo na Latitude za Dell. Si kwa sababu ya sifa tu. Mashine hizi zinatumiwa na watu wengi wa Linux, na matatizo yake mengi yalishatatuliwa. Kadi ya Wi-Fi ya Intel kwa kawaida hukubali bila shida. Baadhi ya za Broadcom huhitaji draiva ya ziada (programu ndogo inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa), na huwezi kupakua draiva ya Wi-Fi bila intaneti. Kisoma alama za vidole ndicho kifaa kinachogoma mara nyingi kuliko vingine, kwa hiyo usikiweke kwenye sababu zako za kununua. Na usinunue Mac mpya ukiwa na nia ya kuiwekea Linux.

Unayekwenda Chromebook, angalia kitu kimoja kabla ya vyote: tarehe ya mwisho ya masasisho. Google wanatoa masasisho ya miaka 10, lakini miaka hiyo inahesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, si tangu siku uliyoinunua wewe. Tarehe iko kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za ChromeOS.

Unayekwenda Windows kutokea kwingine, hakikisha mashine inakubali Windows 11, maana msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Zile zenye prosesa za Snapdragon, ambazo ni za ARM, zilizoanza kuuzwa katikati ya 2024 zinakaa na chaji vizuri sana, na programu nyingi za zamani huendeshwa kwa kutafsiriwa. Draiva ndizo hazitafsiriwi. Printa au skana yako ya miaka kumi ikikosa draiva ya ARM, huenda isifanye kazi kabisa.

Hatua ya 4: Pima ubebaji kwa mwili wako

Uzito unaoandikwa kwenye tangazo ni wa laptopu peke yake. Wewe hubebi laptopu peke yake. Chukua begi lako la kila siku, weka chaja, kipanya, waya, daftari na chupa ya maji, kisha ongeza laptopu. MacBook Air ya inchi 13 ya M2 ni kilo 1.24; ThinkPad X1 Carbon za miaka ya karibuni ziko karibu na kilo 1.1, laptopu nyingi za kawaida za inchi 15 zinafika kilo 1.7 hadi 2 na zaidi. Tofauti ya nusu kilo ukiishika mkononi dukani ni kama hakuna. Itembeze begani dakika arobaini ndipo uipime. Jaza begi vitu vya uzito huo, hata vitabu, uende nalo safari yako ya kawaida kabla ya kuamua.

Chaja pia ina neno lake. Tafuta laptopu inayochajiwa kwa USB-C, kwa sababu chaja moja ya wati 65 itatosha laptopu nyingi nyepesi pamoja na simu yako, na ikipotea safarini utaazima ya mtu yeyote. Chaja yenye pini ya kipekee ikipotea, siku imekwisha.

Kioo cha inchi 13 au 14 ndicho kinachofaa kubebwa. Ukipata chenye umbo la 16:10 badala ya 16:9, chukua, kwa maana kinaongeza mistari kadhaa ya maandishi chini, na kwa anayeandika au kusoma kurasa ndefu hilo linaonekana kila saa. Mwangaza nao usiupuuze. Vioo vya niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza) ni shida karibu na dirisha. 400 unafanya kazi kibarazani.

Sasa matundu. Hesabu ulivyoviandika katika hatua ya kwanza na uvilinganishe na matundu ya mashine. MacBook Air ina USB-C mbili na tundu la spika za masikio, na kuanzia M2 ina tundu la pekee la kuchajia. Hakuna HDMI wala USB ile pana. Adapta utaibeba, na siku utakayoisahau ndiyo siku ya kuonyesha kazi yako mbele ya watu. Kama unatumia vioo viwili vya nje, kumbuka kwamba Air za M1 na M2 zinakubali kimoja tu, ya M3 inakubali viwili ukiifunga, na ya M4 inakubali viwili ikiwa wazi.

RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini, naiongelea kwa msisitizo, kwa sababu hapa kosa halirekebishiki. Laptopu nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Kwenye Mac zote za sasa huwezi kuongeza RAM baadaye. Anayehama hajui bado atafanya nini kwenye mfumo mpya. Pengine ataendesha Windows ndani ya dirisha, pengine atafungua programu mbili zinazofanya kazi moja hadi azoee. Chukua GB 16. Ukilazimika kupunguza mahali, punguza hifadhi, kwa kuwa faili zinaweza kukaa kwenye diski ya nje. RAM ya nje haipo.

Hatua ya 5: Ikague ikiwa mkononi

Ukinunua iliyotumika, omba nusu saa ya kukaa nayo. Muuzaji anayekataa nusu saa amekwisha kukujibu.

Inua kifuniko kwa kidole kimoja, uone kama bawaba zinashika au zinalegea. Andika aya nzima kwenye kibodi, ukitumia kila herufi. Fungua kamera, jirekodi sauti, chomeka flashi kwenye kila tundu. Ukurasa mweupe mtupu ukijaza kioo utakuonyesha madoa.

Betri ikaguliwe kwa namba. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue ripoti inayotengenezwa. Linganisha uwezo betri iliotengenezwa nao na uwezo inaoweza kujaza sasa. Kwenye Linux amri ya upower -d hutoa namba hizohizo. Kwenye Mac angalia idadi ya mizunguko ya chaji katika taarifa za mfumo. MacBook za kisasa zimepangiwa mizunguko 1,000. Betri iliyobakiwa na chini ya asilimia 80 ya uwezo wake si sababu ya kuikataa mashine, bali ni sababu ya kuhesabu gharama ya betri mpya ndani ya bei.

Kwa Mac iliyotumika kuna mitego miwili ambayo mtu aliyetoka Windows haijui. Wa kwanza ni akaunti ya mwenye nayo. Akiwa hajatoka kwenye akaunti yake ya Apple na hajaizima huduma ya kuitafuta mashine iliyopotea, utabaki na bati zuri lisilofunguka. Atoke mbele yako. Wa pili ni kompyuta za makampuni na shule: hata ikifutwa yote, ikiunganishwa tu na intaneti wakati wa kuianzisha inaomba kibali cha usimamizi wa mwenye nayo wa asili. Kwa hiyo ifutwe mbele yako, iunganishwe na intaneti mbele yako, na ufike hadi kwenye ukurasa wa kazi kabla hujatoa pesa.

Anayenunua kwa ajili ya Linux aje na flashi yake mfukoni. Washa kutokea kwenye flashi, kisha jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, vitufe vya mwangaza, na HDMI kama kuna kioo karibu. Baada ya hapo funga kifuniko, hesabu dakika kumi, ukifungue. Jaribio hili la kulala na kuamka usiliache. Laptopu isiyolala vizuri itakuwa ya moto ndani ya begi, na ukiitoa chaji imekwisha. Kwa mashine ya mezani ungevumilia. Kwa ya kubeba, hilo peke yake linatosha kuiacha.

Hatua ya 6: Siku ya kuhamisha faili

Diski ya nje iwe na muundo wa exFAT, ndio unaosomwa na kuandikwa na Windows, macOS na Linux ya kisasa. NTFS ya Windows, Mac huisoma bila kuweza kuiandikia. APFS ya Mac, Windows haiisomi kabisa. FAT32 inasomeka kote lakini hukataa faili moja linalozidi GB 4, na utaligundua hilo video ya harusi ikiwa katikati ya kunakiliwa. Kubadilisha muundo hufuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo diski iwe tupu kwanza.

Unayetoka Mac, usitegemee nakala za akiba za Time Machine, programu ya Mac, kukusaidia Windows. Toa faili lenyewe. Hati za Pages na Numbers zihifadhi kama Word na Excel ukiwa bado kwenye Mac. Picha nazo zitoe kwenye maktaba ya Photos kama picha za kawaida, zikiwa na ukubwa wake wa asili.

Unayetoka Windows, tafuta ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, kabla ya kugusa mpangilio wa diski. Kompyuta nyingi zimejifunga zenyewe bila mwenyewe kujua, na ufunguo huwa kwenye akaunti ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi. Na zile namba za kuthibitisha akaunti, kama programu yake iko kwenye kompyuta badala ya simu, zihamishe kabla ya yote. Mtu anaweza kuwa na nywila zake zote na bado akafungiwa nje ya barua pepe yake.

Kunakili kukiisha, fungua faili ishirini bila mpangilio, moja hapa moja pale, za miaka tofauti. Kuona majina yake hakutoshi, lazima zifunguke.

Hatua ya 7: Mwezi wa kwanza

Iache ya zamani kama ilivyo kwa siku thelathini, chaja yake ikiwa palepale. Kila unapoiwasha, andika kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza umeiwasha kwa ajili gani. Orodha hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Mimi orodha yangu ilikuwa na vitu vinne: kumbukumbu za Access, printa moja, alamisho za kivinjari, na folda ya sauti niliyokuwa nimeisahau kabisa. Access ndiyo iliyonichukua muda. Nilitoa kila jedwali kama CSV (faili la maandishi matupu), nikaziingiza kwenye Base, programu ya kumbukumbu ya LibreOffice, nikazijenga fomu upya kwa jioni kadhaa.

Kabla ya kuifuta kompyuta ya zamani, toka kwenye programu zote zinazohesabu idadi ya kompyuta kwa kila leseni. Ukifuta diski kwanza, leseni inabaki imeshikwa na kompyuta ambayo haipo tena, na utalazimika kuwaandikia wenye programu uwaombe waifungue.